Mzinga wa Wenyewe Wawili

Mwalimu Yotham alianza na namba, kwa sababu namba hazina ndugu wa kumnunia mtu. Aliandika ubaoni (1, 4), (2, 4), (3, 7), kisha akawageukia wanafunzi wake wa Kidato cha Tatu, pale Inyonga, akawauliza kama kundi hilo la jozi ni fankisheni.

"Siyo!" alidakia kijana mmoja wa dawati la nyuma. "Nne imejirudia."

"Imejirudia upande gani?"

"Wa pili."

"Upande wa pili uache ujirudie hata mara mia. Wewe mtazame wa kwanza. Moja imekwenda wapi? Kwa nne. Mbili? Kwa nne. Tatu? Kwa saba. Kila aliyeondoka amefika mahali pamoja tu. Hiyo ni fankisheni." Akaandika jozi nyingine chini yake: (1, 4), (1, 6), (2, 7). "Na hizi?"

Walizitazama. Msichana mmoja aitwaye Minza ndiye aliyenyoosha mkono. "Hiyo moja haijui ilale kwa nani," alisema, na darasa likaangua kicheko.

"Umesema vizuri. Wa kwanza akienda kwa wawili, fankisheni imevunjika."

Angeishia hapo, kipindi kingekwisha salama. Lakini aliona bado wengine wamekunja nyuso, akatafuta mfano wa nyumbani. Inyonga hakuna mtoto asiyejua asali inakotoka. "Chukueni mizinga ya nyuki," alisema. "Mzinga ndio wa kwanza, mwenye mzinga ndiye wa pili. Mtu mmoja anaweza kutundika mizinga mingi, hakuna ubaya. Lakini kila mzinga una mwenyewe mmoja. Kwa hiyo..."

"Mwalimu, samahani." Minza alikuwa amesimama tena. Alikuwa binti wa wafugaji wa Kisukuma, na kwao swali halifichwi mfukoni. "Na ule mzinga wa kwenye mti wa muyombo, wa marehemu mzee wenu? Nyie na kaka yenu si mlishikana mashati pale mnadani kwa ajili yake? Huo nao una mwenyewe mmoja?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Yotham angeweza kumtoa Minza nje, na hakuna mwalimu ambaye angemlaumu. Badala yake aligeukia ubao akaandika (mzinga, Deusdedit), (mzinga, Yotham). Chaki ilikatika, akamalizia na kipande.

"Hii je?"

"Siyo," walijibu kwa sauti ya chini, bila ule wimbo wao wa kila siku.

Yotham alikuwa mziwanda wa mzee Martin, mrina asali aliyejulikana katika misitu yote ile ya miombo. Kila mrina ana alama yake, anayoichonga kwenye mfuniko wa mzinga ili mpita njia ajue ni wa nani. Alama ya mzee Martin ilikuwa mikato miwili iliyolala na mmoja uliosimama. Katika ukoo wao, mwenye alama akifariki, alama hubaki kwa mwanawe mkubwa vilevile ilivyo. Wadogo nao huichukua, lakini kila mmoja huongeza mkato wake, ili anayeitazama aujue mji na amjue mtu.

Yotham alirudi kutoka chuo kikuu na shahada yake mwaka ule mikono ya mzee ilipoanza kutetemeka. Ajira haikutoka. Akawa anafundisha kwa kujitolea, na siku zisizo za shule aliingia porini na baba yake. Mzee alikaa juu ya gogo akielekeza kwa kidevu, naye Yotham akachonga: miwili iliyolala, mmoja uliosimama. Alizoea hivyo hata mkono wake ukawa mkono wa mzee.

Walipomzika, hakuacha. Alitundika mizinga mipya na kuichonga alama ileile. Kuongeza mkato aliona ni kama kutangaza kwamba amehama. Hakuna aliyemrekebisha, maana mtu mwenye shahada nani atamfundisha mila za kwao? Na Deusdedit, kaka yake mkubwa, naye alitundika mizinga kwa alama hiyohiyo, tena kwa haki.

Msimu wa kurina ulipofika, Deusdedit alikwenda kwenye ule muyombo akakuta masega yamekwisha kutolewa. Aliuliza, akaambiwa ni mwalimu. Alimkuta mdogo wake mnadani, akamwita mwizi mbele za watu. Yotham akamkamata shati. Tangu siku hiyo walipishana njiani kama watu wa nchi mbili.

Mama yao hakumkemea yeyote. Ndoo ya asali iliyotoka kwenye mzinga ule aliiweka pembeni mwa nyumba, akaifunika, akakataa kuigusa. Wakati wa kumaliza tanga la mume wake ulikuwa umefika, na kwao tanga halimaliziki mpaka wana wa marehemu wanywe wanzuki, ile pombe ya asali, kutoka kibuyu kimoja. "Siwezi kuchachusha asali nisiyojua ni ya nani," aliwaambia wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake. "Na siwezi kuwapa kibuyu kimoja watu wasiosalimiana. Baba yenu atakaa hivyohivyo, kati ya nyumba na njia."

Maneno hayo ndiyo yaliyomrudia Yotham darasa lilipotoka, akabaki peke yake na ubao. Siku zote alikuwa akingoja Deusdedit aje kumwomba radhi kwa lile neno la mwizi. Sasa alizitazama zile jozi mbili akaona ni nani aliyeziandika. Si leo kwa chaki. Aliziandika kwa kisu, porini, kila alipochonga alama ambayo haikuwa yake tena.

Jioni alimkuta kaka yake nyuma ya nyumba, akichambua tumbaku.

"Hodi, kaka."

"Karibu, mwalimu." Hakusema mdogo wangu.

"Nimekuja kwa habari ya alama."

"Alama? Nimefeli somo gani?"

"Nimefeli mimi." Yotham alichuchumaa, akashika jani la tumbaku bila kujua la kulifanyia nini. "Mzee alipoondoka, alama ilikuwa yako. Mimi nilipaswa kuongeza mkato wangu. Sikuongeza. Sasa mtu akiiona ile alama, inampeleka kwako na inampeleka kwangu. Na wewe ulipoona mzinga mtupu, ungefikiri nini?"

"Kwa nini hukuongeza?"

"Niliona kama namkimbia mzee."

Deusdedit aliendelea kupanga majani, jani juu ya jani. "Mimi nilifikiri unataka ukubwa," alisema hatimaye. "Nikasema, shahada amepata, sasa anataka na kuzaliwa kabla yangu." Akamnyang'anya lile jani. "Na hilo unaliharibu. Daraja la kwanza hilo."

Jumamosi waliingia porini pamoja. Kila mzinga ambao Yotham aliujua kuwa wake, aliupandia mtini na kisu, na Deusdedit akabaki chini akifukiza moshi. Mkato wa kwanza ulimtoa machozi, akasingizia moshi. Mkato wa pili ulikuwa mwepesi kidogo. Alikuta kwamba alama ya baba yake haikuondoka. Ilikuwa palepale, na kando yake sasa alikuwapo yeye.

Kwenye muyombo walisimama chini ya mzinga. Gome lililotengenezewa mzinga ule alilibandua mzee mwenyewe, la mwisho kabla ugonjwa haujamlaza kitandani. Yotham ndiye aliyechonga, Deusdedit ndiye aliyeupandisha kwa kamba.

"Huu ni wako au wangu?" Deusdedit aliuliza.

"Sijui, kaka. Najua tu hauwezi kwenda kwa wote wawili."

"Basi hauji kwetu." Deusdedit alivua kofia. "Ni wa mzee. Uache na alama yake."

Yotham alikirudisha kisu kwenye ala.

Walifika kwa mama jua likiwa bado lipo, wakinuka moshi. Aliwatazama miguu kwanza, kama mtu anayehakikisha kwamba wametoka njia moja.

"Mama," alisema Deusdedit, "ile asali ni ya mzee."

Hakuwauliza zaidi. Aliinama pembeni mwa nyumba, akafunua ndoo, akamtuma Yotham akalete maji na Deusdedit akalete kibuyu.