Fundi Asiyerudia Kuandika

Fundi wa kompyuta wa ofisi yetu ya forodha hapa Tunduma haandiki amri mara mbili. Kidole chake hukaa kwenye kitufe cha mshale wa juu; akibonyeza, amri ya jana inarudi yenyewe kwenye skrini. Juzi mtambo ulikwama, malori yakajaa barabarani. Akaandika mstari mrefu, ukakataliwa: alikosea neno moja. Mimi ningelia. "Anza upya basi, nyanya zangu zinaoza!" akafoka dereva Makene. Fundi akabonyeza mshale, mstari ukarudi mzima, akabadilisha lile neno tu. Mtambo ukaamka. Akamgeukia muuza chai: "Dada Dina, chai na maandazi mawili."

"Mimi Yunisi."

"Yunisi," akasema, wala hakurudia agizo.

Yunisi akacheka, akamletea chai na maandazi yake mawili.