Rubani Aliyegeuza Ndege

Mwezi wa Juni 1999, Kulwant Singh alikuwa hali wala hapumziki. Kila taarifa ya habari ilipoanza aliizima redio, kisha akaiwasha tena. Mwanawe Harjit, rubani wa kivita, alikuwa vitani kwenye milima ya mpaka wa India na Pakistan.

Kulwant mwenyewe alizaliwa Kisumu, akapelekwa India kusoma, akarusha ndege katika vita vya 1971 dhidi ya Pakistan. Baada ya kustaafu alikuja Maskati kufundisha mafundi wa ndege, akapanga nyumba mtaa wa Azaiba. Jirani yake Bi Hamdiya, Mwomani aliyekulia Unguja, ndiye aliyezungumza naye Kiswahili.

"Mwanao kakufuata wewe, shujaa," Bi Hamdiya alimwambia siku alipomletea sahani ya wali. "Nnamuombea."

"Mimi si shujaa, Bibi."

Akamweleza jambo ambalo hata marehemu mkewe hakulijua. Siku ya tatu ya vita, yeye na mwenzake Surinder walitumwa kulipua daraja, kila mmoja na ndege yake. Risasi zikatoboa bawa la ndege yake. Mikono ikafa ganzi, mkojo ukamtoka. Akageuza ndege, akaangusha mabomu mtoni, na uwanjani akadai injini ilimsumbua. Surinder aliendelea peke yake. Hakurudi.

"Harjit nimemlea kwa uongo," alisema. "Anadhani ukoo wetu haujui woga."

Bi Hamdiya aliiweka sahani mezani. "Basi mwambie, angali hai."

Alhamisi mchana Harjit alipiga simu, sauti nyembamba kama ya mgonjwa.

"Baba, jana nilitetemeka hewani. Naona aibu. Wewe usingetetemeka..."

"Mimi nilikimbia," Kulwant alisema. Akamwambia yote, hata mkojo.

Kulwant alikaza simu sikioni.

"Surinder aliacha watoto?" Harjit aliuliza.

"Binti mmoja."

"Ulishamwona?"

"Sijathubutu."

"Naitwa, Baba. Nakwenda."

Wiki nne zilizofuata Kulwant alikonda, kilemba kikaonekana kikubwa kuliko kichwa. Vita vikaisha Julai, Harjit akiwa mzima.

Desemba, baba na mwana walibisha hodi kwa binti wa Surinder, mwalimu wa shule katika mji mdogo wa Punjab. Kulwant alisimulia akiwa amesimama. Yule binti alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia, wala hakuwafukuza.

"Na baba yangu," aliuliza, "naye aliogopa?"

Kulwant akavuta kiti, akaketi karibu naye.