Ndama Niliyemtunga Kwa Mdomo Wangu Amemzuilia Mjukuu Wangu Matibabu

Admini, ficha jina langu na mtaa pia, maana Karatu hii nikikohoa tu watu wanajua ni mimi. Nina miaka hamsini na tatu. Shule niliachia kidato cha pili, lakini nimeendesha watalii miaka kumi na tisa, na maprofesa wa kila rangi wamekaa nyuma yangu wakiniuliza mimi maswali. Kule kreta ya Ngorongoro kuna simba jike alikuwa akisikia injini yangu anainuka kunipisha. Asiyeamini aache.

Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea mimi. Aliolewa na kijana wa Singida aliyekuja kufanya kazi kwenye shamba la kahawa. Binti yao ana miaka kumi na moja na ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Maumivu yakimshika anauma kanga ya mama yake ili asipige kelele. Ile kanga ina matobo ya meno.

Mwaka huu daktari aliwaambia kuna wataalamu nje ya nchi wanatafuta watoto kama yeye kwa majaribio ya tiba. Wanatoa chembe kwenye uboho, ndani ya mifupa, wanarekebisha jeni yenye kasoro, wanamrudishia. Gharama ni zao. Daktari hakuwaficha: kuna dawa kali kwanza, anaweza asizae, anaweza hata kufa, na ya miaka thelathini mbele hakuna anayeyajua. Wazazi wote wawili lazima wasaini.

Jambo zito namna hiyo wakaenda kwa mchungaji kwanza! Mimi mlezi nikalisikia kwa muuza mbogamboga. Jamani, niliumia. Walipotuita ndugu kikao baada ya ibada, nilikwenda nimejaa hasira.

Mkwe akaniuliza kwa heshima, "Mjomba, wewe umetembea na wazungu. Hii kitu ni salama?"

Ningesema sijui, yangeishia hapo. Lakini mimi, niseme sijui mbele ya ukoo? Nikawaambia niliwapeleka wanasayansi upande wa Kakesio, wakabadilisha jeni za ndama mgonjwa. Ndama akapona, akanenepa, ila mama yake akamnusa akamkataa. Akamnusa tena, akalia kama aliyefiwa. Nikamalizia, "Jeni ndipo Mungu alipofunga roho. Mkifungua hapo, atakayeshuka kwenye ndege mtamwita na ataitika, lakini siye."

Mkwe akafuta machozi.

Hakuna ndama. Kakesio nimeenda mara moja, tairi likapasuka, nikarudi.

Mchungaji, ambaye mwanzo alisema dawa ni dawa, Jumapili iliyofuata akamhubiri ndama wangu, tena akamwongezea pembe. Mkwe kagoma kusaini. Mkewe akimsihi anamjibu, "Bora mwanangu anayeumwa kuliko mgeni mzima."

Mpwa akanifuata nyumbani. "Mjomba, huyo ndama ulimwona kwa macho yako?"

"Kwa macho haya haya."

"Haya, mjomba." Akaondoka, chai hata hajaigusa.

Nina uchungu nao wote. Wangeanza na mimi, haya yasingetokea. Miaka kumi na tisa barabarani, sijawahi kupindua gari, halafu naangushwa na mdomo!

Juzi nilimpelekea mtoto maparachichi. Alikuwa amejilaza macho wazi, vidole vimemvimba. Akaniuliza, "Babu, yule ndama baada ya kubadilishwa, alikuwa anaumwa tena?"

Nikasema hapana, hakuumwa tena.

"Basi mimi nakubali mama asinitambue."

Niliyaweka maparachichi pembeni yake, nikatoka nje.

Daktari anataka jibu mwisho wa mwezi huu. Nikikiri, mkwe atasaini, na mimi nitakuwa kichekesho kuanzia sokoni mpaka geti la Ngorongoro. Hilo naweza kulibeba. Ila mtoto akifia kwenye zile dawa kali, watasema nilidanganya mara ya kwanza kumzuia na mara ya pili kumuua. Na ndama nilimtunga, ndiyo, lakini hofu sikuitunga. Roho inakaa wapi? Mimi sijui. Leo nimelisema.

Wenye watoto wagonjwa, wenye elimu, watumishi wa Mungu, matusi wekeni pembeni, nimeshajitukana ya kutosha. Nimwambie nini yule baba kabla mwezi haujaisha?