Shingo ya Jino Niliyoichagua kwa Kiburi

Mwaka 1978 nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mke, mtoto mmoja wa kiume aliyekuwa bado ananyonya, na baiskeli isiyo na breki. Vita vilikuwa vimeanza, raba za breki hazipatikani dukani, nami nikajiona na akili ya kutosha kugundua kwamba kandambili ukiikandamiza kwenye tairi inafanya kazi ileile. Inafanya kweli, kwenye tambarare. Mteremko wa Ihanda, nikiwa na mikungu mitatu ya ndizi, ulinifundisha mengine. Ndizi zilifika Kayanga sokoni. Jino langu la mbele, la juu, lilibaki barabarani.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Sisemi njaa, njaa nilizaliwa nayo. Nasema shida ya kufungua mdomo mbele ya watu ikatoka filimbi. Kwetu mwanamume ni yule anayesimama kwenye kikao akasema. Mimi nikisema "shikamoo," wazee wanaitikia huku wanabana kicheko. Basi kaka yangu mkubwa akawa mdomo wangu. Msibani alisema yeye, kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba langu alisema yeye, na alisema vizuri mno, kama vile shamba ni lake.

Miaka ikapita nikanyamaza na kufanya kazi. Shule yangu iliishia darasa la tatu, lakini mbuni hauulizi cheti. Kufikia 1997 nilikuwa na kahawa ya kutosha, bati juu ya kichwa, na mashine ya kukoboa. Mwanangu naye akawa amekua, ameona binti upande wa Kyerwa, ambako wakati huo kulikuwa bado ni Karagwe hiyohiyo. Nikaapa: posa ya mwanangu nitaisema mimi.

Kulikuwa na daktari wa meno, mzungu mzee mwenye kaptula, aliyekuja hospitali moja ya kwetu mara moja kwa mwaka. Mwaka ule alinichimbia skrubu kwenye mfupa wa taya, akaifunika, akasema nirudi mwaka unaofuata, mfupa uishike kwanza. Nilirudi kabla hajashusha mizigo yake.

Akanipangia vyuma vidogo kwenye sinia. Muuguzi aliyekuwa anatafsiri, dada mmoja kutoka Dodoma, akanieleza vizuri: "Mzee, skrubu ndiyo mzizi. Hivi ni shingo. Jino linakaa juu ya shingo. Leo tunachagua shingo."

Kulikuwa na ya chuma iliyonyooka. Nikasema hiyo, mimi ni mtu mnyoofu. Daktari akacheka. Muuguzi akasema mfupa wangu umekonda kwa kukaa miaka ishirini bila jino, kwa hiyo skrubu imelala kidogo kuelekea mbele. Nikiweka shingo iliyonyooka, jino litachungulia nje kama la mbuzi. Kulikuwa na yenye kichwa cha mviringo kama kibonye. Hiyo ni ya wasio na meno kabisa, wanabana juu yake meno ya kuvua. Kulikuwa na ya kuchongesha kwa dhahabu; bei yake ikaniondoa hapo. Ikabaki ya chuma iliyopinda, na moja nyeupe kama kigae cha sahani, ambayo yeye mwenyewe angeisugua mpaka ikae sawa.

"Ya chuma ina nguvu," muuguzi akasema. "Na jino lake linafungwa kwa skrubu kwa nyuma, likilegea linafunguliwa. Ubaya wake, fizi yako ni nyembamba, chuma kinaweza kuonekana kama kivuli. Hebu cheka."

Nikacheka.

"Mdomo wako unafunika fizi yote. Hakuna atakayekiona."

"Mimi nitakijua," nikasema. "Nipe nyeupe."

Daktari akauliza swali lake la mwisho: ninatafuna nini kigumu kwa meno ya mbele? Mahindi ya kuchoma? Mifupa? Miwa? Nikajibu kweli tupu: chakula changu ni ndizi na maharage. Wakaandika. Nikawekewa shingo nyeupe, na jino likagandishwa juu yake. Nikatoka nasema "shikamoo" hata kwa watoto.

Siku ya posa tukaenda Kyerwa asubuhi, mimi, kaka na mwanangu. Njiani kaka akanichokoza: "Mdogo wangu, ukianza kupiga filimbi, nikanyage mguu. Posa nitaimalizia mimi."

"Leo wewe kazi yako ni kula," nikamwambia.

Wakwe wakatupokea, tukakaa. Nikawasalimu kwa sauti safi mpaka kaka akageuka kunitazama. Halafu bibi wa binti akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya harufu na kukaushwa na maganda yake. Kwetu hiyo si chakula. Ni salamu, na mgeni asiyeipokea hajaja. Ndiyo maana haikunijia akilini hata kidogo nilipoulizwa ninatafuna nini. Nikachukua punje, nikaibana kwa meno ya mbele nipasue ganda, kama nilivyofanya tangu utoto, tena kwa fahari, kwa sababu sasa nilikuwa na cha kubania.

Ikalia kah! Haikuwa kahawa.

Shingo ilikuwa imevunjika juu ya fizi, jino likaniangukia ulimini. Kaka akaona uso wangu. Akakohoa, akaanza kuinuka. Miaka ishirini ilikuwa inainuka pale kwenye mkeka. Nikamkamata shati, nikamketisha, nikaanza kusema posa na filimbi yangu yote.

Baba wa binti akanikatiza. "Mzee, mbona ulipoingia ulikuwa unasema vizuri?"

Nikalitema jino kiganjani, nikawaonyesha. "Hili ndilo lililokuwa linasema. Sasa nasema mimi."

Kisha yule bibi, asiye na hata jino moja, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mwanangu, mimi naila kwa fizi mwaka wa kumi huu! Nani alikudanganya ununue jino?" Nyumba nzima ikaangua kicheko. Nikaendelea mpaka mwisho, na hakuna aliyesema badala yangu. Binti tukapewa. Kaka anadai mpaka leo walituonea huruma. Sawa, hata huruma niliichukua.

Daktari aliporudi alitoa kipande kilichobaki, akakuta mzizi mzima. Akaniwekea ile ya chuma iliyopinda, bila kuniuliza.

Leo nina migomba ekari nne. Mibuni ekari tatu. Ng'ombe saba. Nyumba ya matofali, vyumba vitano. Mashine mbili za kukoboa. Pikipiki moja. Wajukuu sita wa ndoa ile. Meno ishirini na mbili, moja la skrubu.