Sahani ya Mtakatifu Lusia kigangoni kwetu, na macho ya mama yangu

Wakuu, salamu kwenu mlioamka salama, na mnaouguza poleni.

Hii sio chai, sijatunga. Anayeona ni chai apite kimya kimya, sijaandika kutafuta likes. Naandika kwa sababu kuna kitu kimenikaa kifuani, na nyumbani hakuna wa kumsimulia maana kila mtu alikuwepo.

Mimi ni mtu wa Singida. Nauza mafuta ya alizeti Mandewa, ila kwetu kabisa ni kijijini, unashuka Mkiwa halafu unaingia ndani. Kigango chetu kinaitwa Mtakatifu Lusia. Mama yangu naye anaitwa Lusia, alibatizwa ukubwani akachukua jina la kigango.

Shikeni hapo.

Mle kanisani, ukutani upande wanaokaa kina mama, kuna picha. Iliachwa na padri mmoja mzungu aliyerudi kwao kabla sijazaliwa. Ni mchoro wa Ulaya wa zamani uliochapwa kwenye karatasi, ukatiwa fremu na kioo. Binti mweupe, joho jekundu, mkono mmoja kashika tawi la mtende. Mkono wa pili kashika sahani ya dhahabu.

Kwenye sahani kuna macho mawili.

Macho kabisa wakuu, yanakutazama. Na usoni kwake ana mengine mawili, nayo yanakutazama. Utotoni nilikuwa napita pale nimeinamisha kichwa, watu wakanisifia kuwa nina ibada sana kumbe naogopa.

Katekista wetu, mzee mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alitufundisha kwamba wapagani walimng'oa Lusia macho wakayaweka kwenye sahani, na Mungu akampa mengine mazuri zaidi. Basi, kijiji kizima kikajua hivyo. Mama ndiye alikuwa akiifuta picha ile vumbi kila Jumamosi, kwa ncha ya kanga yake.

Sasa kwa wasiojua: kwetu kuna vikope, wataalamu wanaita trakoma. Vumbi, nzi, maji ya shida. Unaugua utotoni, unapona, unaugua tena. Ukishakuwa mtu mzima ngozi ya jicho inajikunja kwa ndani, kope zinageuka na kukwangua jicho lenyewe. Kila ukipepesa, zinakwangua.

Dawa ya kina mama wa kwetu ni kung'oana kope. Jumuiya ikimaliza sala asubuhi, wanahamia juani kwenye ukuta wa kanisa. Mmoja analaza kichwa kwenye mapaja ya mwenzie, mwenzie anang'oa moja moja kwa kibanio cha chuma huku wanapiga stori za watu. Mama alikuwa mwenyekiti wa jumuiya na fundi wa kazi hiyo. Kibanio chake alikifunga pamoja na rozari, vikining'inia shingoni. Wenzie walikuwa wanamwita kabla hawajaita daktari.

Shida ni kwamba kope zinaota tena, na zikiota zinakuwa ngumu zaidi.

Mwaka juzi wakaja wataalamu wa macho Ikungi, upasuaji bure. Dada yangu Sesilia, ambaye ndiye anaishi na mama, akanipigia, nikafunga duka nikawafuata. Jicho la kulia la mama lilikuwa limeanza ukungu. Daktari alimpima akasema amewahi, akifanyiwa siku ile ile kuona kutabaki.

Alimweleza vizuri tu. Jicho haliguswi, ni ngozi inageuzwa ili kope zitazame nje. Mama akawa anaitikia, "Ndiyo daktari. Ndiyo." Nyuma yake kwenye benchi walikaa kina mama wa jumuiya, wamekuja kwa sababu yeye kaja.

Akaingia wa kwanza. Mimi na Sesi tumesimama mlangoni.

Akalala. Muuguzi, binti mpole sana, akaja na trei ya chuma inang'aa mpaka inaumiza. Akaisogeza karibu na uso wa mama.

"Tulia bibi, tunaanza na la kulia."

Mama akainuka.

"Hiyo sahani ya nini?"

"Ya vifaa tu bibi, usiogope."

Mama aliitazama trei ile kwa muda. Halafu akashusha miguu, akatafuta kandambili zake, akajifunika kanga kichwani, akatoka. Nikamshika mkono pale mlangoni. Nikambembeleza, Sesi analia, daktari naye katoka.

Akaniambia maneno ambayo nayasikia hadi leo:

"Baba, yule alikuwa mtakatifu. Waling'oa akapewa mengine. Mimi wakiyaweka pale, nani atanipa mengine?"

Hapo ndipo nikaelewa alichokiona. Nikaanza kumweleza, lakini utaanza wapi? Picha ameifuta vumbi miaka yote hiyo, mimi nina dakika moja mlangoni.

Kina mama kwenye benchi wakainuka mmoja mmoja, wakamfuata. Benchi likabaki tupu. Yule muuguzi alibaki ameshika trei yake, na nilimwonea huruma maana hakujua kosa lake ni lipi.

Jicho la kulia lilikufa kabla ya mavuno. La kushoto likafuata. Tulipompeleka hospitali kubwa tukaambiwa mboni zimeshakuwa na makovu, kinachoweza kufanyika ni kugeuza kope ili zisimchome, kuona ndio basi. Mama akasema macho yaliyokufa hayana haja ya kisu. Tukarudi naye.

Mnajua kinachoumiza? Kope za kipofu nazo zinaota. Sesi akawa anamng'oa mama kila asubuhi, kwa kibanio kile kile cha mama.

Siku moja niko dukani, hakuna wateja, nikaandika jina la Mtakatifu Lusia kwenye simu. Zikaja picha nyingi sana za Ulaya. Kwenye nyingine macho yako kwenye kikombe. Nyingine ameyashika kwa vidole kama ua lenye kikonyo, anatabasamu kabisa. Halafu zipo ambazo hana macho ya ziada. Ana upanga shingoni, au ana taa mkononi.

Nikasoma mpaka simu ikapata moto. Kumbe masimulizi ya zamani kabisa kuhusu yeye hayana habari ya kung'olewa macho. Aliuawa kwa upanga. Jina lake linatokana na neno la mwanga, kwa hiyo wenye shida ya macho wakawa wanamwomba yeye, na wachoraji wakampa macho mkononi ili mtu asiyejua kusoma amtambue kuwa huyu ndiye Lusia. Hadithi ya kung'olewa ikaja baadaye.

Yaani ile sahani ilikuwa lebo.

Mimi kwenye madumu yangu ya mafuta nimebandika picha ya ua la alizeti. Hakuna mteja aliyewahi kukataa kununua akidhani ndani kuna maua. Lakini mama yangu hakuambiwa na mtu kwamba ile ni lebo, na mchoraji wa watu, sijui hata jina lake, alishakufa zamani huko kwao. Nilikuwa na hasira wakuu, na sikuwa na wa kumkasirikia. Nililia pale dukani kama mtoto.

Nikachapisha mjini ile ya taa, nikaitia fremu, nikaomba ruhusa kwa padri. Akasema iwekwe pembeni ya ile ya zamani. Katekista, sasa mzee kabisa, nilimpa shikamoo nikamweleza. Akaniambia, "Nilifundisha nilichofundishwa, mwanangu," na ile sauti yake yote ilikuwa imekwisha.

Sesi akamleta mama kwa mkono. Mama akagusa kioo.

"Macho yake yako wapi?"

"Usoni, mama."

"Na sahani?"

"Hakuna sahani. Ana taa."

"Hawakumng'oa?"

"Hawakumng'oa, mama. Ile ni wachoraji tu."

Mkono bado uko kwenye kioo.

"Si wangetuwekea hii kwanza," akasema. Halafu, "Wakija tena Ikungi, nipelekeni. Na wale wenzangu waje."

Walikuja tena mwaka huu. Mama akakaa kwenye benchi lile lile, akaomba apewe trei aishike. Akapewa ambayo ilikuwa bado haijaandaliwa kwa kazi. Akapitisha vidole, kitu kimoja baada ya kingine, akitaja kwa sauti kwa Kinyaturu ili benchi zima lisikie: mkasi, pamba, uzi. Akaigeuza chini juu, akaipigapiga.

"Hakuna jicho humu," akasema.

Akaingia yeye wa kwanza, tena kwa macho yasiyoona. Baadhi ya kina mama wakamfuata. Rafiki yake mkubwa, yule waliyekuwa wanalazana mapajani juani, alitazama mlango akaondoka. Naye sasa anaanza kupapasa njia.

Mama hachomwi tena. Kuona hakukurudi, na hakutarudi.

Nilichojifunza: mtu haogopi kile ulichomweleza leo, anaogopa kile alichokitazama ukutani maisha yake yote. Kwa hiyo kama una mzazi anafikicha macho, anajing'oa kope, mpeleke mapema. Ila kwanza kaa chini umuulize anadhani watamfanya nini huko. Sikiliza jibu mpaka mwisho, hata kama litakuchekesha.

Na nyie wa makanisa mengine, kwenu ukutani kuna nani, na kashika nini? Mliwahi kuelezwa maana yake? Tupia hapa chini, wa matusi nawaomba mnipumzishe leo tu.

Mama bado anakaa chini ya zile picha mbili kila Jumapili. Nikienda, ananishika mkono kabla misa haijaanza, ananiuliza kama ile taa inawaka.

Namwambia inawaka.