Omulamula Sebuleni

Mama alikuja kukaa kwangu mjini, Kibeta, na begi moja alilolifunga kwa kitenge, na kwa wiki kadhaa hakulifungua sawasawa. Akitaka gauni, analegeza fundo, anachomoa gauni, anakaza fundo tena. Begi lenyewe lilikaa karibu na mlango. Mimi nafundisha hesabu, na hesabu hiyo haikunipiga chenga: mama alikuwa safarini kurudi kijijini kwake Izigo, bado tu hajaondoka.

Alikuwa amejikata mguu kibanjani kwake, kwenye shamba la migomba, akikata mkungu. Panga liliteleza. Kwa kuwa ana sukari, kidonda kiligoma kupona. Daktari akaamua akae mjini miezi mitatu, asafishwe kidonda mara mbili kwa wiki, asikanyage shamba hata kidogo. Halafu akaniita pembeni akaniambia kwamba akirudi kulima mapema, litabaki suala la kukata mguu. Maneno hayo niliyameza. Sikumwambia mama.

Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama yangu jembe alilitaka siku ya kwanza, na mimi jembe la kumpa sina. Nyumba ninayopanga ina ua wa saruji kuanzia ukutani hadi getini. Mama alikaa kibarazani akiitazama ile saruji, akaguna.

"Mwana wange, nyumba hii haina kitu kilicho hai isipokuwa sisi wawili. Mimi nalala kama gunia stoo. Jumapili narudi kwangu."

Kila Jumapili ilikuwa hivyo. Namzuia kwa maneno, namzuia kwa samaki, namzuia kwa kununa. Mwisho nikapata akili: kama tatizo ni kitu kilicho hai, basi nitanunua maua ya ndani. Mimi sijawahi kufuga ua maishani. Nimezaliwa kwenye migomba na mibuni, lakini kibanja cha ukoo waligawana kaka zangu. Mimi binti nilipewa baraka.

Muuza maua wa barabarani nilimwambia ukweli: nataka ua la mtu asiyejua kitu. Akanichagulia moja lililopandwa kwenye ndoo, lenye majani magumu yaliyosimama wima kama mapanga.

"Madam, hili halitaki jua kali, halitaki maji mengi, halitaki chochote. Ukilisahau ndiyo linafurahi."

Nikasema moyoni, loh, lingekuwa mume mzuri hili.

Mama alipozisikia sifa zake alikasirika. "Halitaki chochote? Ameona wapi kiumbe kisichotaka kula?" Hapo, nakiri, tulikubaliana kwa mara ya kwanza tangu afike. Mgomba unalishwa, kila mtu anajua; mgomba ukiwa na njaa unakuaibisha mbele ya majirani. Basi tukalilisha. Maganda ya ndizi ya asubuhi, maganda ya mchana. Samadi niliiomba kwa mzee mmoja wa mtaani mwenye ng'ombe, nikaibeba kwenye mfuko huku nimevaa viatu vya kazini. Juu yake tukatandaza nyasi kavu, nene, kama inavyotakiwa. Maji kila asubuhi. Mama alisimamia kutoka kwenye kiti chake akinyoosha fimbo: weka hapa, ongeza pale. Siku hizo hakutaja Jumapili hata mara moja, nami nikajiona nimeshinda.

Wakaja inzi. Ikaja harufu. Wiki ya tatu nikashika jani moja nilipanguse vumbi, likang'oka na kubaki mkononi bila ubishi. Nikashika la pili, nalo hivyohivyo. Chini lote lilikuwa limeoza.

Mama alilisukuma kwa ncha ya fimbo.

"Kama hata kisichotaka chochote kinakufa kwako," akasema, "mimi ninayetaka mengi nitapona?"

Jamani, maneno hayo yaliniuma. Nilibeba ile ndoo na uozo wake hadi kwa muuza maua, nimejiandaa kugombana. Yeye alichungulia ndani, akaona maganda, akaona nyasi, akacheka hadi akashika goti.

"Madam, wewe ni wa Izigo au wa Kanazi?"

"Inakuhusu nini?"

"Watu wa migomba ndio wateja wangu bora. Mnaniulia maua, mnarudi kununua mengine."

Kisha akanifundisha bila kunidharau sana. Ingiza kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Ukisikia ubichi, ondoka, usiguse maji. Pakiwa pakavu, mwagilia, na ndoo iwe na matundu chini. Liweke karibu na dirisha lakini jua lisilichome. Maganda mpe mbuzi. "Ua la ndani halifi kwa njaa, Madam. Linakufa kwa huruma."

Nikanunua jingine, kubwa, ambalo alisema ndilo gumu kuliko yote. Lilikuwa na shina nene na majani marefu yenye mstari wa njano katikati, ndani ya chungu cheupe kinachong'aa. Lilinikumbusha kitu nisichoweza kukitaja, kama mtu uliyesoma naye darasa la pili ukikutana naye amevaa suti. Nikaliweka sebuleni, kando ya mlango wa chumba cha mama, ili akitoka tu alione.

Ilikuwa Jumapili, tunajiandaa kwenda kanisani. Mama akatoka na fimbo yake, akasimama.

"Mawe!" akamaka kwa Kihaya. "Mbwenu, sasa nani amezikwa hapa?"

Ndipo nami nikaliona. Omulamula! Mti ule ule tunaoupanda kwenye makaburi ya wazee wetu, na kwenye mipaka ya vibanja ili pasitokee mtu wa kusema hapa ni pangu. Kwetu ni wa kijani mtupu na hakuna anayeununua. Huu wa mjini umepakwa mstari tu, ukavikwa chungu. Nilicheka, na hilo lilikuwa kosa.

"Unacheka. Kama si kaburi basi ni mpaka," mama akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Umenipandia mpaka mlangoni. Sebule yako, chumba changu. Nimeelewa, sihitaji kuambiwa mara mbili."

Akaliendea begi. Akaliinua. Mama yangu, mwenye mguu ule, ameshika begi na amefungua mlango wa nje, na mimi ujanja wote umeniishia. Nililia kama mtoto.

"Mama, ukirudi shamba sasa watakukata mguu. Daktari ameniambia mimi."

Akageuka polepole. "Lini?"

"Siku ya kwanza."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa."

"Ukaogopa, ukanunua maua."

"Nikanunua maua."

Aliketi kwenye kiti cha karibu, begi mapajani. Kanisani hatukwenda siku hiyo, Mungu atusamehe. Kisha akanyoosha fimbo kuelekea kwenye kile chungu.

"Mpaka haupandwi kimyakimya. Kaniitie jirani."

Jirani yangu ni mfanyabiashara wa dagaa. Hununua visiwani Muleba, na si Mhaya. Alikuja na mikono yake inanuka kazi, hajui ameitiwa nini. Mama akatuamuru tusogeze chungu hadi kando ya televisheni. Si hapo, nyuma kidogo. Hapo.

"Kuanzia kwenye omulamula huu hadi dirishani ni kwangu," akatangaza. "Shahidi amesikia."

Ndani ya mpaka huo kulikuwa na televisheni na kiti changu kizuri kuliko vyote. Nikataka kubisha. Jirani akauliza kama kuna mahali pa kusaini. Mama alikuwa tayari anafungua kitenge, fundo lote, na jioni ile magauni yake manne yalining'inia kabatini.

Kuanzia hapo kidole ni chake. Kila asubuhi alikichomeka kwenye udongo, akafumba macho, akatoa hukumu: "Bado." Siku nyingine, "Leo anywe." Kidonda kilisafishwa, kikaanza kufunga. Mimi nilitazama taarifa ya habari nikiwa nimesimama upande wangu wa mpaka. Miezi mitatu ilipokwisha, daktari alimruhusu. Mama akakata kichwa cha ule mti kwa kisu cha jikoni, bila kuniomba, akakifunga kwa kitambaa kibichi, akakitia kwenye begi.

Shule zilipofungwa nilikwenda Izigo kumwangalia. Alinipokea na kunipeleka moja kwa moja nyuma ya nyumba, anatembea mbele yangu bila fimbo, hadi kwenye kile kipande alichokinunua mwenyewe zamani kwa kahawa yake, ambacho ukoo hauna neno nacho. Majirani wawili walikuwa wamesimama pale, wamevaa vizuri kidogo kuliko siku za kazi. Kati ya mimea ya kijani ya mpakani kulikuwa na mmoja mfupi, mpya, wenye mstari wa njano.

"Kuanzia huo wa mjini hadi kwenye mbuni ule ni kwako," mama akasema. "Mashahidi ni hawa."

Nilitazama ile migomba, labda kumi na mitano, nikaona inatetemeka kwa sababu macho yangu yalikuwa yamejaa.

"Mwalimu amekuwa bubu," mama akawaambia majirani. Akanisukumia nyasi kavu kifuani. "Tandaza."

Nikapiga magoti na gauni langu la safari, nikatandaza. Nilipofika kwenye ule wenye mstari nikauliza kama nitie kidole kwanza, nipime maji.

"Weka samadi, mwana wange," akasema. "Hapa ni nyumbani."