Kokwa Mdomoni mwa Mwalimu Mooi

Mwalimu Gan Siew Mooi hajui kunyamaza. Nasema hivyo kwa mapenzi, maana jiko ninamofundishia upishi na karakana yake vimetenganishwa na ukuta mwembamba tu, na tangu nihamie shule hii ya Taiping nimesikia kila neno lake. "Wewe Hanif, hiyo tupa au kijiko cha uji?" "Mei Yan, legeza jiliwa, akriliki si mwizi!" Mtoto akikata vibaya anafokewa. Akikata vizuri anafokewa vilevile, asije akavimba kichwa.

Akriliki, plastiki ile ngumu inayong'aa, ndiyo imemlea. Baba yake alikuwa mtengeneza vibao vya maduka, akikata herufi za akriliki kwa msumeno wa mkono, na Mooi alikua akichezea vipande vilivyoanguka chini ya meza. Mpaka leo ukimpa kipande atakipitisha shavuni kwanza, aone kama kingo zimepigwa msasa sawasawa.

Siku moja tu kwa mwaka analazimika kufunga mdomo, nayo ni siku ya mtihani wa vitendo. Mwalimu anakaa humo karakanani kwa ajili ya usalama, lakini haruhusiwi kugusa kazi ya mtahiniwa, kunyoosha kidole, wala kutamka neno. Zamani alimwona kijana mmoja, Hafizal, akitoboa tundu upande usio wake, ikamtoka "He!" Hiyo tu. Kazi ya Hafizal ikafutwa palepale. Sasa Hafizal anaosha magari karibu na soko, na akimwona Mooi anamwamkia kwa adabu zote. Mooi amebadilisha njia ya kwenda sokoni.

"Bora angenitukana, Dada Yah," aliniambia.

Ndipo akaanza mambo ya asam boi, lile tunda kavu la chumvi na ukali linalomkunja mtu uso. Siku ya mtihani anatia moja mdomoni, analifyonza mpaka nyama iishe, kisha anabaki ameuma kokwa.

"Mdomo uliponza kichwa, ee?" nilimtania.

"Kingekuwa changu, ningeshukuru. Niliponza cha mtoto wa watu."

Mwaka ninaousimulia, roho yake yote ilikuwa kwa Yogeswari, binti wa mama anayetunga maua ya yasmini karibu na hekalu. Chuo cha ufundi kilikuwa tayari kumpokea kama atafaulu vitendo. Asipofaulu, binamu yake alishamwombea kazi kwenye kiwanda cha glavu, na mama yake alishakubali. Msichana mwenyewe ni msafi kupita kiasi. Ananawa mikono kabla ya kushika kalamu. Usafi huohuo ndio uliotaka kumwangamiza.

Asubuhi hiyo mvua ya Taiping ilikuwa inashuka kama kawaida yake. Mtahini, Bwana Lokman, mtu mrefu asiyecheka, alikuwa akizunguka na miwani puani. Mimi nilikuwa msimamizi wa pili, nimesimama kwenye mlango unaounganisha karakana na jiko langu, jicho moja kwa watoto, jingine kwa oveni, ambamo vikeki vyangu vya bahulu vilikuwa vinaiva kwa ajili ya chai ya mtahini huyohuyo.

Kazi yenyewe ilikuwa kibao cha kusimamishia simu, kwa kipande kimoja cha akriliki kwa kila mtahiniwa. Cha pili hakuna. Unakilaza juu ya mashine ya waya, waya unawaka mwekundu, mstari unalainika, unakunja. Mkunjo wa kwanza unatoa mgongo, wa pili unainua ukingo mdogo wa mbele unaozuia simu isiteleze. Mooi huwafundisha wabandue karatasi ya kinga pale tu penye mkunjo, nyingine wasiiguse, kwa sababu juu yake ndipo walipoandika "JUU" ili wasichanganye pande.

Yogeswari alikunja mgongo vizuri kabisa. Halafu akaona mabaki ya gundi ya karatasi. Nikamwona anabandua. Akabandua tena. Akabandua yote, akapangusa kipande kikang'aa kama kioo kitupu, neno "JUU" likaenda na karatasi kwenye pipa la taka. Akakilaza, akakigeuza kipate moto pande zote mbili, akakigeuza tena, akakunja.

Ukingo ulielekea chini.

Nilimtazama Mooi. Mikono ilikuwa nyuma, taya limekaza mpaka mshipa wa shingo ukasimama. Yallah! Nilidhani kokwa litapasuka.

Yogeswari alijaribu kukirudisha juu ya waya, lakini sasa kilikuwa na umbo, kikawa kinayumba na hakikai. Akakiweka mezani. Hakulia. Alianza kupanga vifaa vyake, tupa hapa, msasa pale, kama mtu anayefunga duka, na hilo ndilo lililoniuma. Maji yakimwagika hayazoleki, nikasema moyoni. Basi, glavu.

Mooi akafumba macho.

Ghafla mikono ya Yogeswari ikasita. Akageuza kichwa, akatazama mlango niliosimama. Nilidhani ananitazama mimi, kumbe anatazama oveni nyuma yangu.

Hapo nikakumbuka. Kila mwanzo wa mwaka Mooi huja kuniazima oveni, nami humlalamikia kwamba keki zangu zitanuka plastiki. Huwaita wanafunzi, anaonyesha akriliki iliyokunjwa na kusokotwa, anaitia ndani. Ikipata moto kote inalala chini yenyewe, bapa, kama haijawahi kuguswa. "Hii haisahau ilivyozaliwa!" huwapigia kelele.

Yogeswari aliinua mkono. "Bwana, naomba kutumia oveni ya jikoni."

Bwana Lokman akavua miwani. "Jikoni ni nje ya karakana."

"Mlango uko wazi, Bwana," nikadakia. "Na mimi msimamizi nimesimama mlangoni. Akiwa hapa mnamwona nyote wawili."

Mvua ikagonga bati. Bwana Lokman alimtazama Mooi kana kwamba anasubiri afanye kosa. Mooi alikuwa jiwe.

"Haya. Haraka."

Nilivuta trei ya bahulu, vikeki vikiwa vibichi katikati, vikanywea mbele ya macho yangu. Oveni ilikuwa na moto wa keki, mkali mno kwa akriliki, ambayo ikizidishiwa inachemka ndani na kutoa mapovu. Je, atakumbuka na hilo? Mimi nami nilikuwa nimeuma ulimi, maana ningetamka ningemwua. Msichana aligeuza swichi, akaacha mlango wa oveni wazi, akasubiri. Saa ya ukutani inatembea na yeye anasubiri! Alipoona moto umepungua vya kutosha akavaa glavu za kitambaa, akakiingiza.

Tulisimama. Mgongo ukalegea kwanza, kisha ukingo, polepole, mpaka vyote vikalala bapa kwenye trei.

Alikitoa, akaandika "JUU" kwa kalamu ya rangi pembeni, akaanza upya, mkunjo wa kwanza na wa pili. Kengele ililia ukingo ukiwa bado moto mkononi mwake. Ulielekea juu.

Bwana Lokman alitoa simu yake mwenyewe, akaisimamisha. Haikuteleza. Akaandika alama.

"Mtihani umekwisha. Mwalimu Gan, sasa unaweza kuzungumza."

Mooi akafungua mdomo, akapapasa shavu kwa ulimi, akashika koo. "Dada Yah," akasema kwa sauti ya mkwaruzo, "nimelimeza."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye alikuwa analia. Yogeswari akaja mbio, akamshika mikono yote miwili.

"Mwalimu, nilikusikia! Muda wote. 'Punguza moto, wewe Yoges, unaoka mkate?' Nilikusikia kabisa!"

Uso wa Mooi ukasawijika. Akageuka kumtazama mtahini. "Bwana, naapa sikutamka hata..."

Bwana Lokman alikuwa tayari mezani kwangu, anatafuna bahulu iliyonywea.

"Mimi," akasema, "nimesikia mvua tu." Akachukua na ya pili.